Kutangulia Si Kufika: Somo Kutoka Maisha ya Jana Novotná Uwanjani



Wahenga walituachia methali isemayo, kutangulia si kufika. Tumeizoea tangu utotoni, na pengine kwa sababu ya kuizoea hatuisikii tena. Katika somo hili tutaitazama upya kwa kufuata maisha ya mtu mmoja ambaye habari zake zilitokea mbele ya macho ya mamilioni: mchezaji tenisi Jana Novotná wa Jamhuri ya Cheki. Huyu alitangulia akabakiza hatua chache afike, kisha akaanguka mbele ya watu. Swali linalotuhusu ni hili: mtu aliyeanguka hadharani anaendeleaje kuishi na kufanya kazi ileile, mbele ya watu walewale?

Swali hilo si la wanamichezo peke yao. Yuko mwanafunzi aliyefeli mtihani ambao kijiji kizima kilikuwa kinausubiri. Yuko kijana aliyesindikizwa kwa ngoma kwenda masomoni, akarudi nyumbani kabla ya wakati. Yuko mama ambaye duka lake lilifungwa na mitaa yote ikajua. Kwa hiyo hata kama hujawahi kushika raketi, soma kwa utulivu.

1. Jana Novotná ni nani?

Novotná alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1968 katika mji wa Brno. Wakati huo nchi yake iliitwa Chekoslovakia. Haikuwa nchi kubwa, lakini katika tenisi ilikuwa na majina mazito: Jan Kodeš, bingwa wa Wimbledon mwaka 1973, Ivan Lendl, Hana Mandlíková, na Martina Navratilova, mzaliwa wa Prague aliyehamia Marekani na kuwa bingwa wa Wimbledon mara tisa.

Novotná aliingia katika tenisi ya kulipwa mwaka 1987. Sifa yake ya kwanza aliipata katika mchezo wa wawili wawili. Akiwa na Mmarekani Jim Pugh alitwaa mataji ya mchanganyiko wa wanaume na wanawake huko Australia mwaka 1988 na 1989. Akiwa na Helena Suková, mwananchi mwenzake, alishinda Wimbledon mwaka 1989 na 1990. Mwaka huo wa 1990 alishika nafasi ya kwanza duniani katika mchezo wa wawili wawili, na mwaka huohuo Hana Mandlíková akawa kocha wake. Mandlíková alikuwa ametwaa mataji manne makubwa, lakini Wimbledon alifika fainali mara mbili bila kushinda. Kwa hiyo mwalimu huyu aliijua njia, na alijua pia inavyouma kuishia mlangoni.

Mwaka 1991 Novotná alifika fainali yake ya kwanza kubwa akicheza peke yake, katika mashindano ya Australia. Alichukua seti ya kwanza dhidi ya Monica Seles, kisha akapoteza mbili zilizofuata.

Namna yake ya kucheza ilikuwa ya ujasiri. Wengi hupenda kubaki nyuma ya uwanja na kurudishiana mpira mpaka mmoja akosee. Yeye alianzisha mpira, akakimbilia wavuni, akaupiga ukiwa bado hewani kabla haujagusa chini. Mchezo wa namna hiyo hauruhusu kusitasita. Ukichelewa nusu hatua, mpira unakupita.

2. Tujue kwanza mchezo unavyohesabiwa

Ili tuelewe kilichompata, ni lazima tujue hesabu ya tenisi. Pointi za gemu moja huhesabiwa 15, 30, 40, kisha gemu. Mchezaji anayefikisha gemu sita, akimzidi mwenzake kwa mbili, anachukua seti. Wakifika sita kwa sita, hucheza taibreka, yaani gemu maalumu ya kuamua, ambayo mshindi hufikisha angalau pointi saba akimzidi mwenzake kwa mbili. Katika fainali ya wanawake ya Wimbledon, anayechukua seti mbili ndiye bingwa.

Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia kwa makini.

La kwanza, tenisi haina saa. Katika mpira wa miguu timu inayoongoza inaweza kujilinda na kuomba filimbi ipigwe. Katika tenisi hakuna filimbi ya kukuokoa. Hata ukiwa mbele kiasi gani, bado ni lazima ushinde ile pointi ya mwisho wewe mwenyewe. Ndiyo maana katika mchezo huu methali yetu ni kweli kuliko katika michezo mingi.

La pili, mwenye zamu ya kuanzisha mpira hupewa nafasi mbili. Akikosa zote mbili, pointi inakwenda kwa mpinzani. Wakati huo hakuna anayemsukuma wala kumharakisha. Mpira uko mkononi mwake, na uwanja mzima umenyamaza ukimtazama. Kwa hiyo hofu ikiwa imeingia moyoni, mara nyingi huonekana hapo kwanza.

3. Fainali ya 1993

Tarehe 1 Januari 1993 Chekoslovakia iligawanyika kwa amani na kuwa nchi mbili, Jamhuri ya Cheki na Slovakia. Miezi sita baadaye Novotná alikwenda Wimbledon akiwa na bendera ya nchi changa. Alimtoa Gabriela Sabatini katika robo fainali, na katika nusu fainali akamtoa Navratilova mwenyewe. Fainalini alimkuta Steffi Graf wa Ujerumani, bingwa mtetezi, aliyekuwa ameshalitwaa taji hilo mara nne.

Seti ya kwanza ilikwenda taibreka na Graf akaichukua. Ya pili Novotná alishinda kirahisi, 6–1. Katika seti ya tatu akaongoza gemu nne kwa moja. Akiwa na zamu ya kuanzisha mpira alikuwa na pointi ya kuifanya iwe tano kwa moja. Angeipata, angebakiwa na gemu moja tu awe bingwa.

Alikosa mpira wa kwanza. Alikosa na wa pili, tena kwa mbali. Kosa la mara mbili. Gemu ile ikamponyoka, na baada ya hapo mambo yakaanza kuporomoka. Mipira aliyokuwa akiipiga kwa urahisi dakika chache kabla ikawa inagonga wavu au kutoka nje. Graf alishinda gemu tano mfululizo na kuibuka bingwa kwa seti za 7–6, 1–6, 6–4.

Tuwe waangalifu hapa. Ni rahisi kusema Novotná alishindwa kwa sababu ya woga, na hivyo ndivyo magazeti mengi yalivyosema. Lakini upande wa pili wa wavu alikuwepo mmoja wa wachezaji bora katika historia ya mchezo huo, ambaye hakukata tamaa alipokuwa nyuma. Mtu anapoanguka, watazamaji hupenda sababu moja fupi, na jina la sababu hiyo hubandikwa mgongoni mwake. Novotná alibandikwa jina la mtu anayeshindwa kumalizia, akalibeba kwa miaka mitano.

4. Bega la Duchess wa Kent

Katika utoaji wa tuzo alisimama Katharine, Duchess wa Kent, wa familia ya kifalme ya Uingereza, ambaye kwa miaka mingi aliwakabidhi washindi tuzo zao. Novotná alipopokea sahani ya mshindi wa pili alijikaza. Duchess alimwambia maneno ya kumtia moyo, kwamba ipo siku atashinda. Hapo Novotná alishindwa kujizuia. Aliegemeza kichwa begani kwa yule mama akalia, na Duchess akamkumbatia. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima, na hata leo wengi wasiomkumbuka mshindi wa mwaka ule wanalikumbuka lile bega.

Kwa taratibu za kifalme, tendo lile halikuwa la kawaida. Mgeni wa heshima hushika mkono, hutabasamu, husema neno moja na kupita. Duchess hakupita. Hakumweleza Novotná alikosea wapi, wala hakumwambia kwamba kushindwa si kitu. Alikaa naye katika ile dakika.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba miezi michache baadaye, Januari 1994, Duchess huyu alipokelewa katika Kanisa Katoliki na Kardinali Basil Hume. Baadaye, kwa miaka kama 13, alikuwa akisafiri kwenda mji wa Hull kufundisha muziki katika shule ya msingi, na watoto wakimwita Bi Kent tu. Aliaga dunia Septemba 2025 akiwa na umri wa miaka 92. Ukiyatazama maisha yake yote, unaona kwamba tendo la Wimbledon halikuwa la kupigiwa picha. Ndivyo alivyokuwa.

5. Miaka mitano ya katikati

Sehemu hii ndiyo husahauliwa na wasimuliaji wengi. Wanaruka kutoka machozi ya 1993 mpaka furaha ya 1998, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Lakini mtu haishi kwa kuruka. Kila siku ina asubuhi yake.

Mwaka 1995, katika mashindano ya Ufaransa, Novotná alicheza na Mmarekani Chanda Rubin katika raundi ya tatu. Seti ya mwisho aliongoza gemu tano kwa sifuri, na pointi 40 kwa sifuri. Alipata nafasi tisa za kumaliza mchezo. Zote tisa zilipotea, na Rubin akashinda seti hiyo kwa 8–6. Fikiria maneno yaliyosemwa siku ile. Jina alilobandikwa miaka miwili nyuma sasa lilionekana kuwa na ushahidi.

Hata hivyo mwaka huohuo wa 1995 alishinda taji la wawili wawili Wimbledon akiwa na Arantxa Sánchez Vicario. Mwaka 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, alipata medali ya shaba peke yake, na ya fedha pamoja na Suková, kama ile waliyoipata Seoul mwaka 1988. Maana yake ni kwamba hakungoja jeraha lipone ndipo aanze kufanya kazi.

Mwaka 1997 alirudi katika fainali ya Wimbledon. Mpinzani wake alikuwa Martina Hingis wa Uswisi, binti wa miaka 16. Novotná alichukua seti ya kwanza 6–2, kisha akapoteza mbili, 6–3 na 6–3. Kwa mara ya pili alisimama mbele ya Duchess wa Kent akiwa mshindi wa pili, na kwa mara ya pili akatiwa moyo. Safari hii alitabasamu. Novemba mwaka huo alitwaa ubingwa wa mashindano ya kufunga msimu huko New York kwa kumshinda Mary Pierce wa Ufaransa.

6. Tarehe 4 Julai 1998

Mwaka uliofuata alirudi tena Wimbledon. Robo fainali alimtoa Venus Williams. Nusu fainali alikutana na Hingis yuleyule, safari hii bingwa mtetezi na namba moja wa dunia, akamshinda kwa seti mbili za 6–4.

Fainali ilikuwa dhidi ya Nathalie Tauziat wa Ufaransa. Novotná alichukua seti ya kwanza 6–4. Ya pili ikafika sita kwa sita. Waliokuwa wakitazama walikumbuka 1993, na bila shaka yeye mwenyewe hakuwa amesahau. Akaendelea kucheza kwa mtindo wake, akisonga mbele kwenda wavuni, na kuishinda taibreka kwa pointi saba kwa mbili. Akapiga magoti kwenye nyasi. Duchess wa Kent ndiye aliyemkabidhi sahani ya ubingwa.

Alikuwa na umri wa miaka 29 na miezi tisa. Tangu wachezaji wa kulipwa waruhusiwe katika mashindano makubwa mwaka 1968, hakuna mwanamke aliyekuwa ametwaa taji lake la kwanza kubwa la mmoja mmoja akiwa na umri huo. Na tusisahau jambo moja zuri: katika mashindano hayohayo Novotná alishinda pia taji la wawili wawili, na mwenzake alikuwa Martina Hingis. Aliyemfunga mwaka uliotangulia, na ambaye yeye alimtoa juzijuzi, ndiye aliyesimama naye upande mmoja wa wavu.

Alistaafu mwaka 1999, akiwa na mataji makubwa 17: moja la mmoja mmoja, 12 ya wawili wawili na manne ya mchanganyiko. Kwa jumla alishinda mashindano 24 peke yake na 76 ya wawili wawili ya wanawake.

7. Mlango uliobishwa Brno

Habari ingeweza kuishia hapo. Lakini miaka mingi baadaye msichana mmoja wa Brno, Barbora Krejčíková, alimaliza mashindano ya vijana bila kujua aelekee wapi. Akaenda na wazazi wake kubisha nyumbani kwa Novotná kuomba ushauri. Novotná hakuwafahamu, lakini aliwapokea, akaanza kumfundisha, na akaendelea kuwa naye mpaka alipougua saratani. Alifariki tarehe 19 Novemba 2017, akiwa na umri wa miaka 49.

Krejčíková amesimulia kwamba katika siku za mwisho Novotná alimhimiza aufurahie mchezo na ajitahidi kushinda taji kubwa. Mwaka 2021 Krejčíková alishinda mashindano ya Ufaransa. Tarehe 13 Julai 2024 alimshinda Jasmine Paolini wa Italia na kuwa bingwa wa Wimbledon. Baada ya mchezo alionyeshwa ubao wenye majina ya mabingwa. Alipoona jina lake liko ubao mmoja na la Jana Novotná, alilia.

8. Tunajifunza nini?

*Kwanza, kukubali kushindwa ni sehemu ya ushindani.* Tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengi hudhani maana yake ni kuwa mpole tu baada ya kufungwa. Lakini kukubali kuna sehemu mbili: kutoukana ukweli wa kilichotokea, na kurudi uwanjani. Mwenye kukana hawezi kujirekebisha, na mwenye kukiri bila kurudi amejihukumu mwenyewe.

*Pili, tusiigeuze subira kuwa biashara.* Mvumilivu hula mbivu, ndiyo. Lakini mtazame Nathalie Tauziat. Naye siku ile alikuwa na umri wa miaka 30, naye alikuwa amecheza miaka mingi, naye alivumilia. Hakushinda, na hakuwahi kupata taji kubwa la mmoja mmoja mpaka alipostaafu. Je, subira yake ilikuwa bure? Tukisema thamani ya uvumilivu ni tuzo, tunawaambia wote wasiopata tuzo kwamba wamepoteza maisha yao. Novotná angefungwa 1998, miaka yake mitano bado ingekuwa miaka ya kazi njema, ya medali, ya urafiki uwanjani. Na Krejčíková bado angekuwa na mlango wa kubisha. Tumfundishe kijana kufanya kazi yake vizuri leo, bila kumwahidi tusichoweza kumpa.

*Tatu, tujifunze kukaa na aliyeanguka.* Mara nyingi kijana akirudi nyumbani bila kumaliza alichokiendea, tunamwendea na maswali: ilikuwaje, ulikosa nini, sasa utafanya nini. Maswali hayo yana wakati wake. Dakika ya kwanza inahitaji bega. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya aibu ni mojawapo ya zile ambazo watu huzikimbia haraka, kwa kuwa hawajui waseme nini. Duchess hakuhitaji maneno mengi.

*Nne, aliyepita njia ngumu ana cha kuwapa wengine.* Mandlíková, aliyeishia mlangoni Wimbledon, alimfundisha Novotná mpaka akaingia. Novotná akamfundisha Krejčíková. Yeyote kati yao angeweza kuificha aibu yake na kufunga mlango.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja methali nyingine mbili za Kiswahili kuhusu kushindwa na kuvumilia. Je, zinakubaliana na yale tuliyoyaona katika maisha ya Novotná, au zinapingana nayo?

2. Katika jumuiya yenu, mtu anayerudi nyumbani bila kumaliza masomo hupokewaje? Ni jambo gani moja mnaloweza kulibadilisha?

3. Kuna mtu mnayemwita kwa jina la kosa lake la zamani? Mngemwitaje leo mkiyaangalia maisha yake yote?

4. Ungemwambia nini Nathalie Tauziat jioni ya tarehe 4 Julai 1998?